Nyuki wa porini wa Nyanda za Juu Kusini: maswali tunayoulizwa kila mara

Tangu tuanze kuzunguka na nyavu na bakuli za rangi kati ya Mbeya, Njombe na Iringa, maswali ni yaleyale. Tunaulizwa kwenye daladala, kwenye ofisi za vijiji, hata kwenye vilabu vya ulanzi. Tumeyakusanya hapa ili tusiyajibu upya kwa simu kila jioni. Sisi ni kikundi kidogo cha walimu, wafugaji nyuki na wanafunzi, tunaowatafuta, kuwahesabu na kuwaandika nyuki hao. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, nenda huko, kwa sababu hatukutaka kusema jambo moja mara mbili.

## Mambo ya mwanzo

1. Nyuki si ni mmoja tu, huyu wa asali?

Hapana. Duniani spishi za nyuki zilizokwisha kupewa jina la kisayansi zimepita 20,000, na Afrika kusini mwa Sahara peke yake ina zaidi ya 2,500. Nyuki wa asali tunayemjua ni spishi moja tu kati ya hizo, *Apis mellifera*. Familia za nyuki ni saba, na sita kati yake zipo Afrika. Ya saba inapatikana Australia pekee.

Wengi wa hao wengine hawana malkia, hawana vibarua na hawaweki asali. Jike mmoja anachimba shimo ardhini au anatafuta tundu kwenye mti mkavu. Humo anaweka donge la chavua lililochanganywa na mbochi (maji matamu ya maua), anataga yai moja juu yake, anaziba, kisha anaanza chumba kingine. Akimaliza anakufa, na wanawe hawamwoni kamwe.

2. Nyuki wa porini ndio hao wanaokaa kwenye mapango na miti?

Hapa jina linatuchanganya. Kwetu "nyuki wa porini" kwa kawaida ni nyuki wa asali ambaye hajaingia mzingani. Lakini huyo na wa mzingani ni yuleyule. Babu anatundika mzinga wa gome mtini na kusubiri kundi liingie lenyewe, na likiudhika linahama. Nyuki wa asali ni mwenyeji wa Afrika. Marekani hali ni nyingine, maana kule aliletwa na walowezi kutoka Ulaya, na ndiyo sababu wao wanatenganisha kabisa nyuki wa kufugwa na nyuki wa porini.

Sisi tunaposema nyuki wa porini tuna maana ya nyuki wote wanaojitegemea. Nyuki wa asali tunamwandika pia, ila kwenye safu yake, kwa sababu ni mwingi mno: ukimchanganya na wengine anawafunika.

3. Na nyuki wadogo, wale wasiouma?

Hao ni wa porini na wa nyumbani kwa pamoja. Wanaishi kwa kundi na wanaweka asali kwenye vijungu vya nta badala ya masega. Utawatambua kwa mrija wa nta unaochomoza mlangoni. Wa jenasi (yaani kundi la spishi zinazokaribiana) *Hypotrigona* ni wadogo kiasi kwamba watu huwadhani visubi, nao hupenda nyufa za kuta na matundu ya miti. *Meliponula* ni wakubwa kidogo. *Plebeina* wanajenga ndani ya vichuguu vya mchwa, kwa hiyo usipite kichuguu bila kukitazama.

Asali yao inauzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa, na watu wengi huinunua kama dawa. Hilo lina ubaya wake: warina wengine hupasua mti mzima kwa ajili ya nusu chupa. Ukituonyesha kiota, mahali penyewe hatutapatangaza.

4. Nitajuaje kama ni nyuki, si nyigu wala nzi?

Nzi ana mabawa mawili, nyuki na nyigu wana manne. Mabawa hayahesabiki mdudu akiruka, basi tazama uso. Nzi ana macho makubwa yanayokaribia kukutana na papasi (vipapasio vya kichwani) fupi kama vinyweleo. Nyuki ana papasi ndefu zenye kiwiko. Mdudu akisimama hewani bila kusogea, mwembamba, mwenye mistari ya njano, karibu mara zote ni nzi anayejifanya nyuki.

Nyigu ni mgumu zaidi. Kwa kawaida hana manyoya mengi, kiuno chake ni chembamba, na habebi chavua. Nyuki jike hubeba chavua kwenye miguu ya nyuma, au chini ya tumbo kama wafanyavyo wale wanaokata majani. Lakini wapo nyuki wasio na manyoya mengi wala mzigo: tazama swali la 19.

5. Wanauma?

Dume hana mwiba. Jike anayeishi peke yake anao, lakini hana asali ya kulinda, kwa hiyo huuma ukimbana tu. Mwenye mzio akae mbali hata na hao, na akiumwa awahi hospitali. Wa kuogopa ni nyuki wa asali karibu na kiota chao. Wavu wetu hausogei hapo.

## Faida yake

6. Asali hawatoi. Mnawahesabu ili iweje?

Nenda Ilula wakati nyanya zina maua, uchuchumae dakika kumi. Katikati ya ua la nyanya kuna koni ya njano, na chavua imefungiwa ndani yake. Nyuki wa asali akija anazunguka, anakosa, anaondoka. Kisha anakuja mwingine, mnene kidogo, mwenye mistari ya bluu tumboni, hatulii hata sekunde mbili mahali pamoja. Huyo ni *Amegilla*. Analikumbatia ua, analing'ata, halafu anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka. Utasikia sauti inapanda ghafla, *zzziii*, na chavua inammwagikia kifuani. Nyanya inaweza kujichavusha upepo ukiitikisa, lakini mtikiso wa namna hii unatoa matunda mengi na makubwa zaidi. Nyuki wa asali hana ufundi huo, hata ukiweka mizinga mia pembeni ya shamba.

Mifano mingine ni mingi. Maua ya marejea yamejifunga kama kinywa, na wanaoyafungua vizuri ni nyuki wakubwa wanaotoboa mbao na wale wanaokata majani. Ua la boga linafunguka alfajiri na kufikia mchana limesinyaa, basi anayechelewa kuamka hana faida kwake. Kuna hata jenasi moja, *Ctenoplectra*, ambayo majike wake wanakwangua mafuta kwenye maua ya matango mwitu. Mafuta hasa, si mbochi.

Sababu ya pili ni ya kumbukumbu. Mzee wa Umalila akisema "zamani maua ya pareto yalikuwa yanavuma, siku hizi kimya", mimi namwamini. Lakini hakuna aliyeandika huo uvumi ulikuwa wa nani. Hatuwezi kusema nani amepungua kama hatukuandika nani alikuwepo.

7. Mimi nafuga nyuki. Mizinga yangu inawafukuza hao wengine?

Mizinga michache kwenye eneo lenye maua mengi haina shida kubwa. Mizinga mingi ikibanwa mahali pamoja wakati wa kiangazi, maua yakiwa haba, chakula kinagombewa, na mwenye kundi la maelfu ndiye anayeshinda. Ukiweza, tawanya mizinga, na acha magugu yachanue kwenye mipaka. Kishona nguo unayeng'oa kwa hasira analisha spishi nyingi.

## Kwenda kutafuta

8. Nianzie wapi? Kitulo?

Kila mtu anataka Kitulo. Ni kweli panavutia: hifadhi ya taifa tangu 2005, karibu kilomita za mraba 413, "Bustani ya Mungu" yenyewe, yenye aina 45 za okidi. Lakini inahitaji kibali (swali la 16), na asubuhi nyingi ni baridi na ukungu, utakaa hadi saa nne hujaona hata mmoja.

Anza na ukuta wa nyumba yako. Nyumba za tofali mbichi, hasa upande unaopata jua la asubuhi, zimejaa matundu yenye upana wa penseli. Halafu kingo za barabara zilizokatwa na greda, njia ngumu za kwenda kisimani, mipaka ya mashamba. Nyuki wengi wanachimba ardhini, na wanapenda udongo mtupu ambao wewe unauona haufai kitu. Bonde zuri zaidi tulilopata halikuwa bonde, lilikuwa kichochoro cha nyuma ya choo cha shule.

9. Msimu gani na saa ngapi?

Kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Nyanda za juu huchanua hasa Desemba hadi Aprili. Kwenye miombo ya chini, upande wa Usangu na Ruaha, mambo huanza mapema, Septemba hadi Novemba, miti ikichipua kabla ya mvua. Juni hadi Agosti Makete na Njombe kuna barafu ya asubuhi, nyuki ni wachache, lakini wachache hao ndio wenye habari.

Saa nzuri ni saa tatu hadi saa tisa, kukiwa na jua na upepo mdogo. Toka tena saa kumi na mbili jioni, bila wavu. Madume wengi hawana nyumba. Wanalala wameng'ata bua la nyasi kavu kwa meno, miguu ikining'inia, wakati mwingine watano sita kwenye bua moja kama nguo kwenye kamba. Wanatoka vizuri pichani kuliko mwanamitindo yeyote.

10. Bakuli za rangi ni za nini?

Nyuki wanavutwa na rangi. Tunachukua bakuli ndogo za plastiki za njano, bluu na nyeupe, tunatia maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, tunazipanga kwa hatua tano tano mahali pa wazi. Sabuni inafanya mdudu azame badala ya kuelea. Tunaziweka asubuhi na kuziondoa alasiri siku hiyohiyo.

Zinakamata wadogo ambao jicho linawakosa. Haziwakamati vizuri wakubwa wala nyuki wa asali, kwa hiyo bakuli peke yake hudanganya, na wavu peke yake hudanganya vilevile. Tumia vyote na uandike kipi kilimkamata nani. Na waombe wenye mbuzi wawazuie. Uporoto tulipoteza bakuli saba kwa mkupuo, mbuzi alikunywa sabuni na kuondoka zake.

11. Naona mmetundika vipande vya mianzi. Ni matambiko?

Tumeulizwa hivyo Kilolo, na kwa uzito. Si matambiko. Ni vipande vya mwanzi na matete, vimezibwa upande mmoja, vimefungwa bunda na kutundikwa mahali pasipofika mvua. Nyuki wanaopanga kwenye matundu wanaingia wenyewe. Ukiona mlango umezibwa kwa vipande vya majani, ni wa jenasi *Megachile*. Ukiona udongo, huenda ni nyigu. Tunaacha watoke kwa wakati wao ndani ya chandarua, tunawaandika, wengi tunawaachia. Iringa mianzi ya kugemea ulanzi iko kila mahali, na mabua yaliyokauka tayari yana wapangaji.

12. Lazima muwaue?

Wale wanaotambulika kwa macho, hapana: tunawaweka kwenye chupa ndani ya kisanduku cha barafu dakika chache, wanapoa, tunapiga picha, wanapata joto na kuruka. Wale wadogo weusi, hasa wa jenasi *Lasioglossum*, ndiyo, baadhi. Tofauti za spishi zao ni vinundu na mistari inayoonekana kwa hadubini tu, na kwa madume mara nyingine ni lazima kutazama viungo vya uzazi. Hatuchukui kutoka kwenye kiota, na tukishapata wachache wa aina moja mahali pamoja tunaacha. Anayekusanya mia ili aonekane kafanya kazi, hafanyi kazi nasi.

## Lebo, majina na kuhifadhi

13. Niandike nini kwenye lebo?

Hili ndilo swali ningependa liulizwe mara nyingi zaidi. Nina maboksi mawili nyumbani. Moja liliingiwa na sisimizi, wakala nyuki wote na kuacha pini na lebo zimesimama kama makaburi. La pili lina nyuki wazuri, wameng'aa, bila lebo, kwa sababu nilijiambia nitakumbuka. La kwanza bado linanifaa kidogo: najua mahali, siku na ua, ninaweza kurudi. La pili ni mapambo.

Lebo yetu inasomeka hivi: *TANZANIA, Mbeya, Uyole, ukingo wa shamba la maharage, 8.92° Kusini, 33.52° Mashariki, m 1,780, 14.iii.2024; wavu; kwenye ua la marejea;* kisha jina la aliyekamata. Mwezi tunauandika kwa namba za Kirumi ili mtu asichanganye siku na mwezi. Tumia penseli au wino usioyeyuka kwenye spiriti.

Mwinuko usiuache. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Rungwe kinakaribia 2,960, na kati yake si safari ya siku nzima. Ukiandika "Rungwe" bila mwinuko umetuachia mlima wote.

14. Nilituma picha kwenye iNaturalist, ule mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, imeishia kwenye jenasi. Kuna kosa?

Hakuna kosa. Kwa nyuki wengi wa Afrika picha nzuri inafika kwenye jenasi na kukomea hapo, na mtambuzi anayekomea hapo ni mwaminifu kuliko anayekupa jina la spishi ili ufurahi. Piga uso, ubavu na mgongo mabawa yakiwa wazi, maana mishipa ya mabawa inasema mengi. Hesabu na pingili za papasi ukiweza: kwa nyuki karibu wote jike ana 12, dume ana 13.

Jihadhari na tofauti za jike na dume. *Xylocopa nigrita* jike ni mweusi mwenye manyoya meupe ubavuni, na dume ni wa rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu. Tumewahi kuwaandika kama spishi mbili kwa msimu mzima.

Na majina ya kikwetu? Yaandike, pamoja na lugha na kijiji. Jina moja la Kisafwa au Kihehe linaweza kubeba spishi tano, au spishi moja ikawa na majina matatu kwa umri wa asali yake. Usilazimishe yalingane na ya kisayansi.

15. Nihifadhije bila maabara?

Spiriti ya asilimia 70 inatosha kwa muda. Kwa ajili ya DNA tafuta ya 95 au zaidi. Nyuki aliyetoka kwenye maji huwa kama paka aliyenyeshewa, manyoya yamegandana na hatambuliki. Mwoshe kwa maji ya sabuni, msuuze kwa spiriti, kisha mkaushe kwa mashine ya saluni, upepo wa uvuguvugu. Dada wa saluni ya Tukuyu alicheka hadi akakaa chini, lakini alitukubalia, na nyuki wake wakawa na manyoya bora kuliko wote.

Pini inapita kulia kidogo mwa mstari wa katikati wa kifua, ili upande mmoja ubaki mzima. Wadogo wanagundishwa kwenye ncha ya karatasi. Adui ni ukungu na sisimizi. Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, basi boksi lisikae huko wakati wa masika hata kwa siku tatu.

## Vibali

16. Naruhusiwa kuingia na wavu popote?

Kwenye shamba lako, tazama na upige picha upendavyo. Shamba la mwenzako, piga hodi. Kijijini, anzia kwa mwenyekiti au mtendaji, maana mtu mwenye wavu na bakuli asiyejulikana huitwa majina mabaya haraka sana.

Utafiti rasmi unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia). Ndani ya hifadhi za taifa kama Kitulo, Ruaha na Udzungwa unapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Misitu ya hifadhi ya serikali kuu, ukiwemo wa Mlima Rungwe, iko chini ya TFS (wakala wa huduma za misitu). Kutoa vielelezo nje ya nchi ni kibali kingine tena. Mgeni akikuomba "umtumie nyuki wachache kwa posta", mwambie aanze na karatasi.

## Mambo ya pembeni

17. Kuna nyuki weusi wakubwa wanatoboa boriti zangu. Niwapulizie dawa?

Usiwapulizie. Hao ni *Xylocopa*. Mbao hawali, wanachonga chumba tu, na unga unaouona chini ni taka za ujenzi. Wanapenda mbao laini kavu isiyopakwa kitu, na paini za huku kwetu ni laini. Ziba matundu yakiwa matupu, paka rangi, na uwaachie gogo kavu au mabunda ya mwanzi nyuma ya nyumba. Yule anayesimama hewani mbele ya uso wako kama askari ni dume. Rudi swali la 5.

18. Nimeona nyuki mnene mwenye manyoya, kama wale wa katuni za Ulaya.

Wale ni *Bombus*, na Afrika kusini mwa Sahara hakuna *Bombus* wa asili. Karibu kila mara ni *Xylocopa* tena. Ila tuma picha.

19. Nyuki wa madoadoa ya bluu, haokoti chavua, anavizia tu mashimo ya wenzake. Anafanya nini?

Anafanya wizi. Ni *Thyreus*. Anangoja *Amegilla* atoke, anaingia, anataga yai lake juu ya chakula cha mwenzake, na lava wake ndiye anayekula. Mwandike kwa furaha: mahali alipo yeye, mwenye nyumba yupo na wa kutosha kuibiwa. Kuna wakati tulimpata mwizi wiki mbili kabla ya kumpata mwenyewe.

20. Nimekuta nyuki wamekufa chini ya alizeti.

Waokote kwenye bahasha ya karatasi, andika siku, saa na mahali, waweke kwenye friza kama ipo. Uliza jirani amepulizia nini na lini, bila ugomvi. Mjulishe afisa ugani. Mamlaka inayosimamia viuatilifu ni TPHPA. Kama unayepulizia ni wewe, pulizia jioni baada ya nyuki kulala, na kamwe si wakati maua yamefunguka.

21. Nimekaa siku nzima sikupata hata mmoja. Niandike nini?

Andika sifuri. Andika saa ulizokaa, hali ya hewa, maua yaliyokuwepo, na idadi ya bakuli zilizowekwa. Wengi wanaona aibu kutuma karatasi tupu, kisha mwaka unaofuata tunabaki tunajiuliza kama mahali hapo hapana nyuki au hapakufika mtu. Mwalimu mmoja wa Makete alituletea Julai nzima ya sifuri, jua dhaifu, barafu kwenye nyasi hadi saa tatu. Tarehe 2 Agosti ikatokea alama moja: jike mdogo mweusi, kwenye ua la haradali ya porini, saa sita na robo.